Mwongozo kamili: kuikomboa simu yako ya Android hatua kwa hatua bila kuiua

Simu umeinunua kwa jasho lako, risiti umepewa, lakini hebu jaribu kufuta ule mchezo ama lile duka la apu lililokuja nayo kutoka kiwandani. Batani ya kufuta haipo. Iko ya kuzima tu, na kwa simu zingine hata hiyo imefifia haibonyezeki. Yaani pesa ulitoa wewe, amri iko kwa mtu mwingine Shenzhen ama California. Na hapa Uganda hiyo kitu ina gharama, manake Julai 2021 serikali walipoondoa ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, waliweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe, kwa hiyo kila MB ambayo apu usiyoitaka inatafuna usiku ukiwa umelala, wewe umeilipia na ushuru wake ndani.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida, awe Kisenyi, Busia, Bombo ama Koboko, si lazima uwe mtu wa IT. Nimeupanga kuanzia kazi rahisi ambayo haiwezi kuharibu kitu mpaka ile ya hatari, na nasema mapema kabisa, wengi wenu mtaishia hatua ya nne na hapo mtakuwa mmefika. Kuna vijana watakwambia bila kuflashi romu, yaani kuweka sistimu nyingine nzima, hujafanya kitu, waache na simu zao zilizokufa. Mimi kipimo changu ni kimoja tu: leo ukiamua kuhama, kutoka apu hii kwenda ile, kutoka simu hii kwenda nyingine, unaweza kuondoka na vitu vyako vyote bila kumuomba mtu ruhusa? Kama unaweza, uko huru, hata kama mkononi umeshika itel ya bei ya chini.

Mnaosikia habari ya programu huria kwa mara ya kwanza, ni hivi kwa ufupi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza sistimu ya kompyuta iliyo huria, na kutoka hapo zikaja zile haki nne ambazo mpaka leo ndizo zinapima kama programu ni huria: uitumie kwa kazi yoyote, uchunguze vile inafanya kazi na kuirekebisha, uigawe kwa wenzako, na ugawe hata hayo marekebisho yako. Linux ya Linus Torvalds, kile kiini kinachoendesha mashine, ikafuata 1991, na Linux hiyo ndiyo iko chini kabisa ndani ya Android yako. Kwa hiyo usifikiri tunazungumza mambo ya mbali. Hata Wizara ya Afya yetu inakusanya takwimu za hospitali kwa DHIS2, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway. Shida ya simu iko kwa vile vitu vilivyopakwa juu ya hiyo Linux.

Kabla hujagusa kitu: hiyo simu ni yako kweli?

Kama ni simu ya mkopo, ile unalipa kidogo kidogo kila siku na usipolipa inajifunga, simama hapo hapo. Ile programu ya kufunga imewekwa na mamlaka ya juu ndani ya sistimu, ukijaribu kuitoa inaweza kufunga simu nzima, na juu ya hiyo ulisaini mkataba. Maliza deni kwanza, hakikisha wameifungua na hiyo apu ya mkopo imeondoka, ndio urudi hapa. Mpaka siku hiyo unaweza kufanya hatua ya kwanza mpaka ya tatu bila tatizo.

Alafu piga *#06# uandike IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenye karatasi, ingia setingi sehemu ya About phone uandike modeli kamili na toleo la Android. Kamili, manake Redmi Note moja na ndugu yake mwenye herufi moja tofauti ni simu mbili tofauti kabisa, utaona faida yake mbele.

Hatua ya 1: toa mali yako nje

Watu wanairuka hii na ndiyo muhimu kuliko zote.

Namba za watu: fungua apu ya Contacts, tafuta Export, itakupa faili moja yenye mwisho wa .vcf. Hiyo inafunguka kwa karibu simu janja zote, Android, iPhone, hata kwa kompyuta. Ipeleke kwa memori kadi na kwa flash pia. Picha na video vilevile, nunua ile adapta ndogo ya OTG uchomeke flash moja kwa moja kwenye simu, huna haja ya kompyuta wala ya kulipa kampuni kila mwezi ikutunzie picha za harusi ya dada yako.

Meseji za SMS watu wanazidharau, lakini jamani, meseji za mobile money ndizo risiti zetu. Mwenye nyumba akisema hujalipa kodi ya Machi utamwonyesha nini? Kuna apu huria inaitwa SMS Import / Export, inazitoa zote kwenye faili moja. Ifanye kila mwisho wa mwezi.

WhatsApp ina bakapu yake, lakini ile ya kwenda Google Drive inakufunga kwa Google, kwa hiyo yale mazungumzo ya maana, ya SACCO au ya shamba, ingia ndani ya gumzo lenyewe utumie Export chat, yanatoka kama maandishi ya kawaida.

Hatua ya 2: weka F-Droid

F-Droid ni duka la apu kama Play Store ila kila kitu ndani yake ni huria, liko tangu 2010, halitaki akaunti wala namba ya simu. Kitu kinachonifanya niliamini ni vile wanavyofanya kazi: mara nyingi hawapokei apu iliyokwisha pikwa na mwenyewe, wanachukua msimbo wake ulio wazi, yaani maandishi ambayo programu inatengenezwa nayo, na kuijenga wao wenyewe, na kama apu ina kitu kisichopendeza, mfano inategemea huduma ya kampuni iliyofungwa, wanaandika onyo pale pale kwenye ukurasa wake.

Fungua brauza, andika f-droid.org kwa mkono, usipitie kwa matangazo wala link uliyotumiwa kwenye grupu. Daunlodi, simu itakuuliza kama unaruhusu brauza kuinstoli apu, ruhusu, instoli, alafu rudi setingi uizime tena ile ruhusa ya brauza. Usisahau hapo. Mlango ukiuacha wazi siku moja utabonyeza tangazo la "simu yako ina virusi" na kitu kitaingia.

Sasa utamu uko hapa, F-Droid ya kawaida ina sehemu inaitwa Nearby, ambapo simu mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja zinapeana apu bila kutumia data. Mmoja analipia bando, wengine wanapata. Huku tumezoea kurushiana APK, yaani faili la kuinstoli apu, kwa Xender, na ile APK umepewa na jirani aliyepewa na jirani hujui njiani nani ameichokonoa, lakini hii inakagua sahihi ya kidijitali ya aliyeijenga apu, na kugawa kwenyewe ni halali kabisa, leseni inakuambia gawa.

Hatua ya 3: badilisha apu moja moja, usibadilishe zote siku moja

Ukibadilisha zote kwa pamoja utachoka na utarudi kwa zile za zamani. Anza na kibodi. Watu hawafikirii kibodi lakini ndiyo inaona kila kitu unachoandika, meseji za mapenzi mpaka nywila ya benki. HeliBoard iko F-Droid na haina ruhusa ya intaneti kabisa, kwa hiyo hata ingetaka kupeleka maandishi yako mahali haina njia.

Ya sinema na muziki ni VLC, wengi mnayo tayari, na watu wa bibanda, vile vibanda vya sinema, wanaijua kuliko mtu yeyote manake inacheza faili lolote, hata zile filamu za ma-VJ, wale wanaozitafsiri kwa sauti, zilizobanwa mpaka basi. Ilianza 1996 na wanafunzi wa chuo kimoja Paris, ikawa huria 2001, na mpaka leo haina tangazo hata moja.

Ramani, weka Organic Maps. Unadaunlodi ramani ya Uganda mara moja ukiwa kwa Wi-Fi, baada ya hapo inakuonyesha njia bila data, mjini na kijijini. Inatumia ramani ya OpenStreetMap ambayo inachorwa na watu wa kawaida, kwa hiyo kuna sehemu ina njia za miguu na visima ambavyo ramani za makampuni hazina, na kuna sehemu ni tupu. Kwa foleni za Kampala haikusaidii, haijui Jinja Road imefunga saa hizi, hapo nisikudanganye.

Brauza, Firefox, na ndani yake uweke uBlock Origin, kizuia matangazo. Hiyo ndiyo utaona faida yake kwa mfuko wiki ya kwanza tu, manake kurasa za habari zetu zina matangazo mengi kuliko habari. Nywila weka KeePassDX, zinakaa kwenye faili moja lililofungwa ambalo ni lako, linahamishika. Faili hilo likipotea ama ukisahau nywila kuu hakuna kampuni ya kupigia, kwa hiyo nakala iwe mbili.

Galari, faili na kalenda, chukua Fossify, na hapa ngoja niwaambie kisa chake manake kinaeleza haya mambo kuliko hotuba. Kulikuwa na seti ya apu ndogo ndogo inaitwa Simple Mobile Tools, watu wanaipenda, safi, haina matangazo. Mwishoni mwa 2023 mwenyewe akaiuza kwa kampuni inaitwa ZipoApps, na watumiaji wakajua kinachokuja. Kwa apu ya kawaida mambo yangekuwa yameisha, unakubali masharti mapya au unafuta. Lakini msimbo ulikuwa chini ya leseni ya GPL, ile inayotaka msimbo ubaki wazi kwa wote, hakuna anayeweza kuurudisha sandukuni, mmoja wa waliokuwa wakichangia akauchukua, akaupa jina Fossify, na kazi ikaendelea kama jana. Jina liliuzwa, apu ikabaki kwa watu.

VPN nayo, zile apu za kupitisha intaneti yako kwa seva ya mtu mwingine. Facebook ilipofungiwa hapa Januari 2021, na kabla yake wakati wa OTT 2018, kila mtu aliinstoli VPN ya bure ya kwanza aliyoiona, na nyingi za hizo zinajilipa kwa kuangalia unapita wapi. Kama lazima utumie ya bure, Proton VPN apu zake msimbo wake uko wazi na ina ngazi ya bure. Zile zingine zenye picha ya ngao na simba, futa leo.

Na WhatsApp je? Ukweli ni kwamba hutoki. Kikundi cha mazishi kiko pale, cha wazazi wa shule, cha LC (baraza la mtaa), mikutano ya harusi, na hakuna atakayehamia Signal, apu huria ya meseji, kwa sababu yako. Weka Signal na wale watatu wanne unaozungumza nao mambo mazito, WhatsApp ibaki lakini nenda kwa setingi za ruhusa umnyang'anye location, na kamera na maikrofoni weka "wakati wa kutumia tu". Si usaliti, ni kuishi na watu.

Hatua ya 4: toa takataka za kiwandani

Sasa ndio tunafika kwa ile batani isiyokuwepo. Bila kuruti simu (kujipa mamlaka yote ya sistimu), bila kupoteza garantii, kuna njia inaitwa adb, ya kuipa simu amri kutoka kwa kompyuta, nayo imetoka kwa Google wenyewe kwa ajili ya madevelopa.

Kwenye simu ingia About phone, tafuta Build number, iguse mara 7 mpaka iseme wewe ni developa. Rudi setingi, itakuwa imetokea Developer options, ndani yake washa USB debugging. Kwenye kompyuta daunlodi kifurushi kinaitwa platform-tools kutoka tovuti ya Android developers, ama kama una Linux aina ya Ubuntu au Mint andika sudo apt install adb. Chomeka waya, na uwe waya wa data, hizi za elfu mbili za barabarani nyingi ni za chaji tu. Fungua terminal, lile dirisha la kuandika amri, uandike:

adb devices

Simu itakuuliza kama unaiamini hiyo kompyuta, kubali. Ukiona mstari wenye namba na neno device, mko pamoja. Kisha:

adb shell pm list packages > orodha.txt

Hiyo inakupa faili la kila apu iliyo ndani, hata zile zilizofichwa bila aikoni. Isome pole pole, inafundisha. Kwenye simu nyingi utakuta hizi tatu: com.facebook.appmanager, com.facebook.services na com.facebook.system. Ebu fikiria, nchi imefungiwa Facebook, wewe hujawahi kufungua akaunti, na simu imekuja na watumishi watatu wa Facebook wasio na aikoni. Banange!

Usifute moja kwa moja, zima kwanza:

adb shell pm disable-user --user 0 com.facebook.appmanager

Kaa nayo wiki nzima. Simu inapiga, inapokea, kamera inafunguka, chaji inakaa? Basi ndio ufute:

adb shell pm uninstall --user 0 com.facebook.appmanager

Simu zingine zinakataa kule kuzima zinaleta eraa ya ruhusa, hapo unaenda moja kwa moja kwa uninstall. Ukijuta, unairudisha hivi:

adb shell cmd package install-existing com.facebook.appmanager

Inarudi kwa sababu kiukweli haikutoka kwenye simu, imeondolewa kwako wewe mtumiaji tu, faili lake bado limelala sehemu ya sistimu. Ndiyo maana pia ukifanya factory reset zote zinafufuka, kwa hiyo tunza orodha ya ulizotoa.

Zipo za kutogusa. com.android.systemui, com.android.phone, chochote kinachoanza na com.android.providers, hizo ukizitoa simu inaweza kushindwa kuwaka vizuri. com.android.stk ni ile menyu ya laini, iache. com.google.android.gms ndiyo Google Play Services, inakula chaji na inajua mambo yako mengi ni kweli, lakini ukiitoa kwa simu ya kawaida notifikesheni za WhatsApp zitachelewa na apu za benki zitagoma. Jina usilolijua usiliguse mpaka ulitafute, ama tumia ile programu ya kompyuta inaitwa Universal Android Debloater Next Generation ambayo imepanga kila kifurushi kama ni salama kutoa au ni hatari.

Huna kompyuta? Kama simu ni Android 11 kupanda, weka Shizuku na Canta. Shizuku inatumia Wireless debugging, inataka simu iwe kwenye Wi-Fi lakini haitaki intaneti, kwa hiyo muombe rafiki awashe hotspot hata kama hana bando, unganisha, fuata maelezo yake, kisha Canta inakuonyesha orodha ya apu na unachagua kwa kidole.

Ukimaliza ZIMA USB debugging. Hasa wewe unayepeleka simu kuchajisha kwenye kioski cha sola ama unayemwachia fundi.

Nyongeza ndogo hapa hapa: setingi za network zina Private DNS, pale unapochagua nani aitafutie simu anwani za tovuti, tangu Android 9. Andika dns.adguard-dns.com na matangazo mengi yanakufa kwenye apu zote. Unawaamini AdGuard badala ya kampuni ya simu, hilo ujue. Na Wi-Fi za hoteli zenye ukurasa wa kuingia zikikataa kufunguka, izime hiyo kwanza, ingia, uiwashe tena.

Hatua ya 5: kubadilisha sistimu nzima (wachache tu)

Hapa ndipo LineageOS inaingia, Android huria inayotengenezwa na wanaojitolea, iliyozaliwa Desemba 2016 baada ya mtangulizi wake CyanogenMod kufungwa. Faida yake kubwa ni simu ambayo kampuni imeitelekeza kupata Android mpya na viraka vya usalama. Lakini nenda kwanza kwa tovuti ya maelezo ya LineageOS (inaitwa wiki) uangalie kama modeli yako, ile uliyoandika kamili, iko kwa orodha. Wenye Tecno, Infinix na itel msitegemee sana, orodha imejaa Pixel, Xiaomi, Motorola, OnePlus. Sababu moja ni kwamba GPL inamlazimisha anayeuza simu yenye Linux atoe msimbo wake, na watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu wanachelewesha ama hawatoi kabisa, na bila huo msimbo wanaojitolea hawana pa kuanzia.

Kwa hiyo uhuru wa hatua hii unaununua dukani kabla ya kulipa. Ukienda Mutaasa Kafeero, lile jengo la maduka ya simu Kampala, kutafuta Pixel ya mtumba, usiangalie kioo na kamera tu. Iwashe, iunganishe na intaneti, gusa Build number mara 7, ingia Developer options, tafuta OEM unlocking, ruhusa ya kufungua simu ili ikubali sistimu nyingine. Kama imefifia haiwashiki, weka simu chini uombe nyingine, mara nyingi ni ile iliyofungwa na mtandao wa Marekani kama Verizon na haitafunguka. Muuzaji atakwambia "hiyo si kitu boss, ni setingi tu". Ni kitu.

Ukishaamua: bakapu yote tena, manake kufungua butiloda, ile programu inayowasha sistimu, kunafuta simu yote. Xiaomi wanataka akaunti na kusubiri siku kadhaa. Samsung wana kifyuzi cha Knox ambacho kikishaungua hakirudi, Samsung Pay na Secure Folder vimekwenda. Romu chukua kwa tovuti rasmi tu, linganisha ile sha256, namba ndefu inayoonyesha kama faili halijachezewa, usichukue ya mtu wa Telegram hata awe na mashabiki wangapi. Betri iwe imejaa na kompyuta iwe laptopu yenye chaji, umeme usikukatie katikati.

Na apu za benki zinaweza kukataa kufunguka, zinauliza Google kama sistimu ni ya kiwandani na Google inajibu hapana. Bahati yetu pesa nyingi hapa hazipiti kwa apu, *165# ya MTN na *185# ya Airtel zinafanya kazi kwa simu yoyote, hata kabambe ya tochi. Kama kazi yako inategemea apu ya benki, jiulize mara mbili.

Kompyuta, kwa haraka

Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025 na laptopu nyingi za mtumba hapa haziwezi kupanda Windows 11. Badala ya kulipa mtu akuwekee Windows ya wizi yenye activator ya ajabu ajabu, andika Linux Mint kwenye flash, waka nayo bila kuinstoli ujaribu kama Wi-Fi na printa zinafanya kazi, ndio uamue. LibreOffice inafungua faili za Word, mpangilio unaruka kidogo wakati mwingine, CV tuma kwa PDF.

Jambo la kuangalia mbele

Agosti 2025 Google walitangaza kwamba simu za Android zenye cheti chao zitakubali apu kutoka kwa madevelopa waliojiandikisha na kuthibitishwa nao tu, hata kama hukupitia Play Store, kuanzia Septemba 2026 kwa Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, na sisi wengine kuanzia 2027. F-Droid walipiga kelele, wengi wakapiga kelele, na Novemba 2025 Google wakasema wataacha njia kwa wanaoelewa hatari, yenye maonyo mengi. Ila njia ya adb walisema inabaki. Kwa hiyo hata kama hutatoa takataka leo, jifunze kuunganisha simu na kompyuta sasa hivi, na tunza APK za apu zako muhimu kwenye ile flash ya hatua ya kwanza, manake siku simu itakapokataa utahitaji mstari mmoja tu:

adb install fdroid.apk